Je, Mzazi Anayelia Amekosa Shukrani?

"Mshukuru Mungu, wenzako wanatafuta hawapati." Hapa Nyakiriba, magharibi mwa Rwanda, maneno haya hayakosekani penye mtoto mchanga. Anayeyasema amekuja kwa wema, ameleta chupa ya uji na kipande cha sabuni, na mkono wake uko kwenye shavu la mtoto. Mkatoliki anayasema, Msabato anayasema, mlokole anayasema, na sisi Waislamu tulio wachache huku mlimani tuna namna yetu: sema alhamdulillahi, dada, usikufuru neema. Mara nyingine anayeambiwa ni mwanamke ambaye usingizi umemkataa, chakula kimemkataa, na mtoto aliye mapajani mwake anamwona kama mzigo alioachiwa na mpita njia, amshikie tu mpaka arudi.

Mimi ni mshauri wa afya wa kijiji, mmoja wa wale ambao wanakijiji huwachagua wenyewe. Nimezaliwa Mbugangari, mjini Gisenyi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya madrasa. Nimeolewa huku juu, katika tarafa ambayo watu wa mbali wanaijua kwa sababu ya gereza lake, na sisi wenyewe tunaijua kwa viazi, karoti na ukungu wa asubuhi. Kazi yangu ni kuandikisha mimba mpya, kuhimiza kliniki, na kumtembelea mzazi anaporudi nyumbani. Katika kazi hiyo swali gumu kuliko yote si la dawa. Ni la imani: mwanamke aliyejaliwa mtoto mzima kisha akalia usiku kucha, akatamani hata asiwepo duniani, je, amemkosea Mungu?

Swali hili sikulitunga mimi. Niliulizwa mlangoni pa nyumba moja, na mama aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa pili. Nilimkuta anamenya viazi. Beseni lilikuwa limejaa, sufuria ya pembeni nayo imeanza kujaa, na nyumba ile ina walaji wawili. Mtoto alikuwa ndani amelala, amevishwa kofia ya sufi, ameshiba, msafi. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, nikamenya naye. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema bila kuinua kichwa: "Dada, mtoto huyu namfanyia kila kitu, lakini moyoni simsikii. Nikiomba namwambia Mungu asante, halafu naona nimemdanganya Mungu."

Yeye ni binti wa kanisani, kwa hiyo sikumtajia Imam Ghazali. Lakini nilirudi nyumbani nikimfikiria Ghazali, maana katika kazi yake kubwa, Ihya, ameandika kitabu kizima cha subira na shukrani, na hapo anasema shukrani ina sehemu tatu: elimu, hali na amali. Elimu ni kujua kwamba neema imetoka kwa Mungu. Hali ni furaha inayoingia moyoni kwa kujua hivyo. Amali ni kuitumia neema katika lile ambalo Mpaji aliikusudia. Nilimpima yule mama kwa mizani hiyo. Elimu anayo, tena imemzidi, ndiyo inayomtesa. Amali anayo: anaamka saa nane za usiku, ananyonyesha, anafua nepi kwa maji ya baridi ya huku kwetu. Kinachokosekana ni hali, ile furaha. Na furaha haimo katika mkono wa mtu. Hakuna anayeweza kujiamuru afurahi kama anavyoweza kujiamuru asimame. Qurani imesema wazi kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Basi mwanamke anayenyonyesha bila raha, akatoa maziwa ambayo moyo wake haukumsaidia kuyatoa, sioni kwa nini shukrani yake iwe ndogo kuliko ya yule aliyenyonyesha huku akiimba. Mimi naona ni kubwa zaidi. Mwenye elimu kuliko mimi anaweza kunisahihisha, lakini aje kwanza akae kwenye kigoda kile.

Wapo watakaosema hayo ni maneno ya kumfariji mgonjwa, na kwamba mja mwema hatamani kufa. Hao nawarudisha kwenye Sura ya Maryam. Uchungu wa kuzaa ulimpeleka Maryam mpaka kwenye shina la mtende, na pale akatamani angalikuwa amekufa kabla ya hayo, akasahauliwa kabisa. Huyu ndiye mwanamke ambaye Qurani imesema aliteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu. Maneno yake hayakufichwa. Yamewekwa ndani ya msahafu, yanasomwa kwa tajwidi, watoto wa madrasa ya Mbugangari wanayahifadhi kwa moyo.

Wafasiri wengi wanaeleza kwamba alihofia fedheha, watu wangemsingizia. Sawa. Na wasichana wanaobeba mimba wakiwa bado nyumbani kwa baba zao wanahofia nini? Lakini ninachotaka msomaji akiangalie ni jibu alilopewa. Hakukemewa. Hakuambiwa atubu. Hakuambiwa kuna wenzake wasiopata mtoto. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Na watu wakija kumhoji, asijibu, aseme ameweka nadhiri ya kunyamaza. Maji, chakula, utulivu, na kinga dhidi ya maswali ya majirani. Sijui mpango wa huduma ya mzazi uliokamilika kuliko huo. Nalipenda zaidi lile jambo la kutikisa shina. Tende zingeweza kumwangukia zenyewe, kwa sababu Mwenye kuweka kijito hashindwi na tende. Lakini aliachiwa kazi ndogo ya mkono wake, kazi ambayo mwanamke aliyetoka uchunguni anaiweza kwa shida, ila anaiweza.

Kwa majirani zangu wa kanisani nina kisa kingine, cha nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Alikaa chini ya mti nyikani akaomba afe. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha akamlisha mara ya pili. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, mlimani, alipokwisha kupata nguvu. Na Wakatoliki wa Jimbo la Nyundo, wanaokwenda hija Kibeho ambako wasichana watatu walisema Bikira Maria aliwatokea kuanzia Novemba 1981, wanasali rozari ya mateso saba ya mama huyo huyo. Wanamheshimu mama mwenye huzuni kwa shanga saba mara saba. Wanaporudi kijijini, jirani aliyejifungua juzi naye ni mama mwenye huzuni, tena yupo mlango wa pili.

Sasa mwili. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zilizokuwa zimepanda kwa miezi tisa zinaporomoka katika siku chache. Ongeza damu iliyopotea, usingizi uliokatwa vipande vipande, mshono unaouma. Wanawake wengi hulia siku za kwanza, na kilio hicho hupita chenyewe kabla ya wiki mbili kuisha. Kisipopita, au kikianza baadaye kikakaa, hapo ni sonona, ambayo kwenye redio zetu huitwa agahinda gakabije, na ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 waliojifungua, kama 13 hupata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona, na katika nchi zinazoendelea hufika karibu 20. Mwanamke mmoja katika watano. Kwenye kliniki ya chanjo, benchi moja refu linakaliwa na watano.

Wazee wetu wa elimu hawakuwa wageni na jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomshika mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Hii ya pili aliiona inatokana na mwili, na akataka itibiwe kwa tiba ya mwili. Alikuwa Mwislamu aliyesali, na hakuona kwamba kutafuta tabibu kunapunguza dua. Na kabla yake, katika Sahihi Bukhari, Bibi Aisha alikuwa akiagiza wagonjwa na wafiwa wapikiwe talbina, uji mwepesi wa unga, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Kwa hiyo wanawake wa Nyakiriba wanaopanda mlima na chupa ya uji wa mtama wanafanya sunna, na wengi wao hata si Waislamu. Uji ule ni sahihi. Maneno yanayofuata baada ya uji ndiyo ninayotaka tuyabadilishe.

Katika darsa za wanawake huwa napingwa kwa hoja moja: bibi zetu walizaa katika taabu kubwa kuliko hizi, wakambeba mtoto mgongoni wakaenda kulima, na hatukusikia habari za sonona. Hatukusikia, kweli. Lakini kutosikia si dalili ya kutokuwepo. Kuna bibi mmoja wa kijiji chetu aliyejifungua mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Siku alipoisikia hoja hii alisema mbele ya wote: "Mimi mwanangu nilimnyonyesha mwaka mzima bila kumwita jina." Akasema hakuna aliyemuuliza, na kama angeulizwa asingekuwa na cha kujibu. Tulikaa kimya. Mimi naamini nyumba nyingi za nchi hii zina mama wa namna hiyo, na watoto wao sasa ndio wanaozaa.

Tena huzuni haingoji siku ya kujifungua. Mara nyingi huanzia katika mimba, na mimba nazo hubebwa katika hali tofauti. Wapo wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma, upande wa Kongo, na beseni la karoti kichwani mpaka mwezi wa nane, kwa sababu siku usiyovuka ni siku usiyokula. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua ilipoangusha milima na mto Sebeya ukafurika, watu zaidi ya 130 walikufa, hasa katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini, na wilaya yetu ya Rubavu iliumia sana. Miongoni mwa waliolala kwenye makambi ya muda walikuwamo wajawazito. Januari 2025 vita vilipoingia Goma, mabomu yaliangukia hata upande wetu, na watu wakafa Gisenyi. Mtoto akizaliwa baada ya miezi kama hiyo, mama yake akawa anashtuka kila mlango unapogongwa, tutamwambia ni shukrani aliyoikosa?

Nani basi amsaidie? Madaktari wa akili ni wachache, na kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya Gisenyi ni nauli. Hapa naleta mfano wa Pakistan, kwa kuwa waliofanya kazi ile walikuwa wanawake wa daraja langu. Katika vijiji vya Rawalpindi, daktari Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijiji jinsi ya kukaa na mjamzito mwenye sonona, kuyachambua naye mawazo yanayomtafuna na kukubaliana naye kazi ndogo ndogo za wiki. Utafiti ulihusisha wanawake 903, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona katika kundi lililotembelewa na wahudumu waliofundishwa hivyo walikuwa asilimia 23. Katika kundi jingine, lililotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa njia hiyo hiyo. Niliposoma habari za kazi ndogo ndogo za wiki nilikumbuka shina la mtende.

Sisi Rwanda nasi tuna mizizi yetu. Vikundi vya Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye, vilianzia Byumba mwaka 2005 chini ya dayosisi ya Anglikana, watu wakikaa duara wiki baada ya wiki, wenye makovu ya historia yetu, wakijifunza kwanza kuwa salama mmoja mbele ya mwingine. Hospitali za wilaya zina huduma ya afya ya akili, na bima ya afya ya mituweli inazihusu kama inavyohusu mguu uliovunjika. Na hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, Kigali, ambayo watu huitaja kwa kunong'ona, ilianzishwa na Mabruda wa Charité, watawa walioweka nadhiri. Imani ndiyo iliyoijenga. Anayesema kwenda huko ni kukosa imani ajiulize nani aliweka matofali.

Yule mama wa viazi alikwenda. Nilimsindikiza kituo cha afya, muuguzi akamuuliza maswali machache kwa utaratibu, moja likiwa kama amewahi kufikiria kujidhuru. Alijibu ndiyo, na akashangaa kwamba muuguzi hakushtuka. Akatumwa Gisenyi. Alizungumza na mtaalamu mara nyingi, akapewa na dawa. Zipo ambazo mama huzitumia huku ananyonyesha, na daktari ndiye huchagua. Haikuwa wiki mbili. Ilikuwa miezi. Kanisani hakuacha kwenda hata Jumapili moja, na kikundi chake cha akina mama kilimlimia shamba la maharage msimu ule bila kumuuliza habari nyingi.

Jambo moja sikubaliani nalo, na nalisema kwa heshima kwa sababu wanaolifanya nawapenda na wengine ni marafiki wa nyumba yetu: kumfungia mzazi katika chumba cha maombi afunge siku tatu bila kula wala kunywa. Katika dini yangu mwanamke mwenye nifasi, yaani damu ya uzazi, hafungi kabisa, sala zenyewe ameondolewa, na anayenyonyesha ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani ikiwa anahofia nafsi yake au mtoto. Mwenye sheria amekubali kwamba huyu ni dhaifu. Torati nayo, katika Walawi, imempa mzazi siku zake za kukaa kando. Kama Mungu mwenyewe amempumzisha, mchungaji anampa mzigo huo kwa idhini ya nani? Ombeni, lakini ombeni akiwa amekula.

Na kuna hali ambayo haingoji hata maombi ya usiku mmoja. Katika wanawake 1,000 waliojifungua, mmoja au wawili hushikwa na ugonjwa mkali wa akili, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Halali kabisa wala hachoki, maneno yanamkimbia ovyo, anasikia sauti, anaanza kudai mtoto amebadilishwa au ana pepo. Hapo ni hospitali siku ile ile, na mama na mtoto wasiachwe peke yao hata kwa kwenda chooni. Wengi wao hupona wakitibiwa, wakarudi kuwa wao wenyewe. Anayeanza kwa kumtafuta mchawi wa kumlaumu anapoteza saa ambazo hazirudi.

Haya nawaambia zaidi wanaume. Kwenye kliniki ya kwanza ya mimba mume huja na mke wake, na ndipo ninapowapata. Baada ya umuganda wa mwezi huu, ile kazi yetu ya pamoja, nimepewa nafasi ya kuzungumza na kijiji kizima, na nimeshamwomba imamu wetu wa mjini na katekista wa hapa waje wakae mbele pamoja nami. Nitawaomba wenye wake wajawazito waweke kando nauli mbili za pikipiki. Moja ni ya uchungu, hiyo wanaijua. Ya pili waitunze mpaka siku arobaini zipite, na mwanamke mwenyewe aonyeshwe ilipowekwa.